Punda wa Lamu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, vina upana wa mtu na punda. Mchanga, mawe, boriti na saruji hushushwa gatini kutoka majahazini na kufikishwa majumbani juu ya mgongo wa mnyama huyu, na hakuna mtoto wa Lamu asiyejua kujibanza ukutani asikiapo "simile, simile!" Kwa kuwa tumekua naye, tunadhani tunamjua, na makosa yetu humwumiza hasa pale mtu mwenye nia njema anapotaka kumwokoa au kumtafutia makao mapya.

Dhana inayoonekana njema kuliko zote ndiyo inayodhuru kimyakimya, nayo ni kwamba punda aliyekonda, mwenye kidonda mgongoni, ataokoka akinunuliwa na kuondolewa kwa mwenyewe. Mchukuzi ambaye riziki yake ya siku imo miguuni mwa mnyama huyo akipewa fedha atakwenda kununua mwingine, na yule mpya atavishwa shogi, yaani tandiko la kubebea mizigo, lilelile lililomchubua wa kwanza. Nimewahi kusimama gatini nikimtazama kijana akimfungua punda wake mzigo wa mchanga: kamba nyembamba ya nailoni ilikuwa imezama kwenye ngozi nyuma ya mguu wa mbele, na chini ya shogi hapakuwa na kitu ila kipande cha gunia la plastiki, kikavu na kigumu kama bati. Mtibabu aliyeitwa hakuanza na kidonda. Alianza na kamba, akaiondoa, akamwonyesha kijana namna ya kutumia mkanda mpana wa kitambaa na gunia la katani lililokunjwa mara kadhaa, kisha ndipo akaomba maji na chumvi. Punda alirudi nyumbani na mwenyewe, akiwa na agizo la kupumzika hadi ngozi ifunge.

Uokoaji mwingi wa Lamu ni wa namna hiyo. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lina kituo mjini hapa tangu 1987, na wenyeji hupeleka wanyama wao huko kutibiwa. Kumpokonya mtu punda ni hatua ya mwisho, pale ambapo mwenyewe amemtelekeza au mnyama hafai tena kazi.

Wapo wanaosema punda ni mkaidi na kwamba dawa yake ni bakora. Mababu zake ni punda mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, waliofugwa yapata miaka 7,000 iliyopita, na katika nchi ile ya mawe na ukame kukimbia ovyo kulikuwa hatari. Farasi akishtuka hutimua mbio, ilhali punda husimama apime jambo. Anayempiga wakati huo anamthibitishia kwamba mbele kuna la kuogopwa, hivyo husimama zaidi.

Tunasema pia kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali ni nzuri kwa binadamu wasio na fadhila, lakini kwa punda mwenyewe ni dhuluma, kwa sababu anayepiga teke aguswapo mgongo mara nyingi ana maumivu mgongoni. Wengi hata teke hawapigi. Punda huficha maumivu kiasi kwamba anayeonekana mpole na mtulivu kupita kawaida, masikio yameanguka, amejitenga na wenzake, huenda yu mahututi. Akikataa chakula kwa siku moja tu, hiyo ni dharura, wala si deko.

Kuhusu chakula, dhana ziko mbili na zinapingana. Ya kwanza ni kwamba punda hula chochote, hivyo afunguliwe usiku ajitafutie mitaani. Huko hukutana na jaa, na mfuko wenye harufu ya chumvi au maganda ya matunda huingia pamoja na kilichomo ndani. Punda hawezi kutapika. Plastiki hujikusanya tumboni hadi njia izibe, na mnyama hufa kwa msokoto wa tumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017, ila plastiki za aina nyingine hazijaisha. Ya pili ni ya waokoaji wapya, ambao humhurumia punda aliyekonda wakamjazia mahindi na pumba. Tumbo lake limeumbiwa nyasi kavu na majani makavu, na wingi wa nafaka huweza kumletea ugonjwa wa kwato unaomfanya ashindwe kusimama. Kwato zenyewe, kwa kuwa mchanga wa kisiwa hauzisugui kama mawe, huhitaji kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Anayepokea punda wa miaka 15 asidhani anampokea mzee wa kufa kesho, maana punda aliyetunzwa huweza kupita miaka 30.

Lakini kosa ninaloliona zito kuliko yote ni kudhani kwamba punda mmoja ni punda mmoja, na kwamba ukipata nafasi ya mmoja basi umesaidia mmoja. Punda hufungamana wawili wawili, na urafiki huo huweza kudumu maisha yote. Akihamishwa peke yake kwa jahazi kwenda kisiwa jirani cha Manda au Mokowe iliyoko bara, akiacha mwenzake gatini, huweza kususa chakula. Mwili ukikosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yake, mafuta yakajaa kwenye damu, yakaharibu ini na figo, na mnyama akafa ndani ya siku chache akiwa katika makao mazuri kuliko aliyotoka. Kwa hiyo jozi huhamishwa pamoja, au haihamishwi. Na mmoja akifa, wafugaji wanaolijua jambo hili hawauondoi mzoga papo hapo. Humwachia aliyebaki aunuse, auzunguke, asimame nao kwa saa kadhaa, hadi atakapogeuka na kuondoka mwenyewe.