Kalamu ya Lincoln haikumfungua kila mtumwa

Wengi tulifundishwa kwamba Januari 1, 1863 Rais Abraham Lincoln alitia saini tangazo la kuwaacha huru watumwa, na utumwa Marekani ukaisha siku hiyo. Sivyo. Ukilisoma lenyewe utashangaa: lugha yake ni kavu kama ya karani wa mahakama. Linataja majimbo ya Kusini yaliyoasi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kisha linaacha nje maeneo kadhaa yaliyokwisha kutekwa na jeshi la serikali. New Orleans imeachwa kwa jina. Kentucky na Delaware, zilizobaki upande wa serikali, hazikuguswa kabisa. Lincoln alitumia mamlaka ya amiri jeshi, nayo yalimhusu adui tu.

Si kwamba tangazo lilikuwa bure. Lilifungulia weusi mlango wa jeshi, wakaingia karibu 180,000. Ila tazama Kentucky: mtumwa aliyejiandikisha alipata uhuru, huku mkewe na wanawe wakibaki mali ya bwana mpaka Bunge lilipowafungua Machi 1865.

Hata amri ya uhuru iliyosomwa mjini Galveston, Juni 19, 1865, inayosherehekewa hadi leo, ilihusu jimbo la Texas tu. Watumwa waliosalia Kentucky na Delaware walingoja Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopiga marufuku utumwa nchi nzima na kuidhinishwa Desemba 6, 1865. Lincoln alikuwa kaburini tangu Mei.