Wateja wangu wa Lamu nimewapata ukutani

Vijana wanaoanza kazi ya huduma za kompyuta huniuliza: wewe wateja unawatoa wapi? Mimi hutafuta kwanza hitilafu ninayoijua vizuri, kisha naenda kwa mwenye nayo.

Hapa Lamu hitilafu hiyo imejengwa pamoja na nyumba. Nyumba za kale za mtaa wa Mkomani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ajabu. Mawimbi ya waifai huchoka humo, na kati ya aina zake mbili za kawaida, ya gigahezi 5 hukatika mapema kuliko ya 2.4. Ruta huwekwa karibu na mlango kwa kuwa waya unaingilia hapo, na mgeni aliyelala ndani kabisa hapati kitu.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliniambia, "Mwanangu, watu wa intaneti wamenichosha. Nalipa kila mwezi, na wageni washinda kiwandani na simu zao." Kiwanda hapa Lamu ni ua wa ndani ya nyumba. Nikamwomba ruhusa nipite na simu yenye programu ya kupima mawimbi. Pale tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, ilisoma -48. Kiwandani -63. Chumba cha ndani, mlango ukiwa wazi, -84. Nilipousogelea ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mtandao ukapotea kabisa. Nikamweleza kwamba namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mawimbi yanafifia. Alitazama kile kioo, akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa wataka kiasi gani?" Nilipitisha waya juu ya boriti hadi msana, ule ukumbi mrefu unaoelekea kiwanda, nikafunga kifaa cha pili cha waifai. Wiki ile ile nyumba mbili za mtaa huo zilinipigia.

Tangu hapo kupima ni bure. Ni dakika ishirini tu, na vipimo namwachia mwenyewe hata asiponipa kazi.

Wakati nao una uzito. Desemba mwenye nyumba ana wageni, usimsumbue. Aprili hadi Juni, masika yakinyesha na vyumba viko wazi, mafundi wako juu ya ngazi tayari, na kupitisha waya kabla ya chokaa mpya ni rahisi. Nenda baada ya alasiri, watu wakiwa barazani, na salamu zimalizike kabla hujataja kompyuta.

Kwa maduka, mlango wangu ni mhasibu. Marejesho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hufungwa tarehe 20 ya kila mwezi, na siku chache kabla yake mhasibu hujua duka gani mashine yake imekufa na lipi ankara zake za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato KRA, zimekwama. Tangu 1 Januari 2024 gharama nyingi za biashara hazikubaliki kwenye kodi bila ankara hiyo, kwa hivyo duka la vifaa vya ujenzi lisiloweza kuitoa hukimbiwa na makandarasi. Mhasibu simlipi kamisheni. Kompyuta yake ikiharibika, naacha nilichoshika.

Orodha za namba za simu zinazouzwa usizinunue. Niliinunua moja, nikatuma ujumbe kwa wote, na mzee mmoja akanisimamisha sokoni mbele za watu kuniuliza namba ya mkewe nimeipata wapi. Sikuwa na jibu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia habari zake kibiashara, na mzee yule alikuwa na haki yake yote.

Kijiji jirani cha Shela kuna jambo jingine: nyumba nyingi wenyewe wako mbali, na unayemkuta ni msimamizi, asiyeweza kukubali bei. Msimwekee lawama. Mwandikieni ujumbe mmoja mfupi wa WhatsApp: picha ya ruta ilipo, vipimo vya kila chumba, bei moja ya kazi nzima, na tarehe mnayoweza kuanza. Autume yeye mwenyewe kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anamwamini msimamizi wake, nyinyi hajawaona.