Je, wajua kwa nini mtetezi wa wafanyakazi Uganda aliwakusanya watu wasio na mwajiri?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Ignatius Musaazi alianza kama mwanasiasa wa taifa, kisha akatafuta wanyonge wa kumuunga mkono. Nimewahi kubishania hilo na madereva kwenye steji moja Kampala, tena kwa sauti ya mjuzi. Kumbe mambo yalikwenda kinyume. Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa cha kitaifa, alikianzisha 1952. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa siasa za Buganda, jimbo moja tu: 1938 yeye na wenzake waliunda kikundi cha Wana wa Kintu, wakitaka Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aondoke. Wakafuata madereva wa magari, ambao aliwapanga pamoja na James Kivu. Mwaka 1947 ikawa zamu ya wakulima, ambao nao aliwaundia chama chao.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilidhani wakulima hao walikuwa vibarua wa mashamba makubwa. La. Walikuwa watu wenye vibanja vyao na majembe yao, wasiopokea mshahara wa mtu yeyote. Sasa wangemgomea nani?

Jibu liko kwenye kinu cha kuchambua pamba. Pamba ikitoka shambani ina mbegu. Kilo tatu hutoa takriban kilo moja ya nyuzi, na nyuzi ndizo zinazouzwa ng'ambo. Fikiria kijiji chenye mashine moja ya kusaga mahindi. Mwenye mashine hakusagii kwa malipo, bali anayanunua mahindi yako ili unga auze yeye. Bei imeshapangwa na serikali ya kikoloni kabla hujatua gunia. Ukitaka mashine yako mwenyewe, leseni ziko kwa kampuni za Wahindi na Wazungu. Unaweza kurudi na gunia nyumbani, lakini mahindi angalau ungechemsha; pamba hailiwi.

Zaidi ya hayo, bei ya pamba duniani ilipopanda, mkulima hakuiona: tofauti iliingia kwenye mfuko wa serikali. Kwa hiyo bei ile ya serikali ilikuwa mshahara kwa jina jingine, na kuzuia pamba isifike kinuni ulikuwa mgomo kamili. Chama hicho cha wakulima cha Musaazi kilidai wakulima wachambue pamba yao na kuiuza wenyewe.

Aprili 1949 ghasia zililipuka Buganda, na chama hicho kikapigwa marufuku pamoja na kile cha siasa kilichoitwa Bataka. Tume ya serikali iliwalaumu viongozi wao, ila mlalamikiwa mmojawapo katika kesi hiyo alikuwa serikali yenyewe, kwa hiyo hukumu hiyo naichukua kwa tahadhari.

Katika miaka ya 1950, chini ya Gavana Andrew Cohen, vyama vya ushirika vilianza kupata vinu. Bei ya pamba iliendelea kupangwa na serikali.