Je, wajua? Kwa nini kosa la Daudi limo katika kitabu kimoja na halimo katika kingine

Fungua Biblia mahali pawili. Pa kwanza ni 2 Samweli 11, mstari wa kwanza: ni majira ya wafalme kutoka kwenda vitani, jemadari wake Yoabu ametumwa kuuzingira mji wa Raba, na Daudi amebaki Yerusalemu. Pa pili ni 1 Mambo ya Nyakati 20, mstari wa kwanza vilevile. Majira ni yale yale, Raba ni ile ile, na Daudi tena amebaki Yerusalemu.

Kuanzia hapo kila kitabu kinashika njia yake. Kwenye Samweli mfalme anatembea darini jioni, anamwona Bathsheba akioga, anatuma aletwe, anampa mimba, na hila za kuificha zinaishia kwa mumewe, Uria Mhiti, kuwekwa palipo na vita vikali ili afe. Kwenye Mambo ya Nyakati hakuna dari wala kuoga. Mstari huohuo Yoabu anaupiga mji, na mstari wa pili Daudi anavishwa taji la dhahabu la mfalme aliyeshindwa. Hata mshono unaonekana: mtu aliyekuwa Yerusalemu mstari wa kwanza yuko Raba mstari wa pili, na msomaji haambiwi alifikaje. (Samweli anaeleza: Yoabu alimwita aje aumalizie mji mwenyewe, usije ukaitwa kwa jina la jemadari.) Uria anatajwa, ndiyo, lakini huko nyuma, sura ya 11, ndani ya orodha ya mashujaa. Jina tu.

Wengi hujibu haraka kwamba mwandishi wa pili alimsafisha Daudi. Jibu hilo mimi silipokei, na sababu zimo ndani ya kitabu chenyewe.

Tazama kwanza kila mmoja alikuwa anatafuta nini. Masimulizi ya Samweli yanataka kujua damu iliingiaje katika nyumba ya mfalme. Amnoni anamnajisi dada yake Tamari, Absalomu anamuua Amnoni, kisha Absalomu anamwasi baba yake na kufa akining'inia mtini. Ukiliondoa tukio la Bathsheba, misiba hiyo inabaki bila mzizi. Kosa la Daudi lazima liandikwe, tena kwa urefu, kwa sababu ndilo jibu la swali.

Mambo ya Nyakati, kwa maoni ya wataalamu wengi, iliandikwa karibu karne ya 4 kabla ya Kristo. Yerusalemu ilikwisha kuchomwa na Wababeli mwaka 586, watu wakahamishwa, baadhi wakarudi chini ya utawala wa Uajemi, na hekalu la pili likakamilika karibu mwaka 515. Mfalme hawakuwa naye tena. Walichokuwa nacho ni hekalu. Kwa hiyo Daudi wao ni yule wa sura ya 22 hadi 29: anayekusanya mierezi na dhahabu, anayepanga zamu za makuhani, waimbaji na mabawabu. Wasomaji hao kisa cha Bathsheba walikijua, na hakuna aliyetarajia kuwaficha. Hakikuwa na kazi katika jengo lile.

Lipo kosa moja la Daudi ambalo mwandishi huyu hakuliacha: kuwahesabu watu, lililoleta tauni na kuua watu 70,000. Kwa nini hili libaki? Kwa sababu tauni ile ilisimama kwenye kiwanja cha kupuria nafaka, Daudi akakinunua, na hapo ndipo hekalu likajengwa. Kosa linaloeleza asili ya hekalu linaandikwa. Hata hivyo, jicho limehama. 2 Samweli 24 inasema hasira ya Bwana ndiyo iliyomchochea Daudi. 1 Mambo ya Nyakati 21 inasema ni Shetani. Tendo ni moja, maiti ni wale wale, aliyelisukuma amebadilika.

Na kama ni kusafisha wafalme, mbona wengine anawachafua? Uzia, kwenye 2 Wafalme 15, anaugua ukoma bila sababu kutajwa. Mambo ya Nyakati inaleta sababu: alijivuna, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo si yake. Halafu yuko Manase. Kwenye 2 Wafalme huyu ndiye mfalme mwovu kuliko wote, na uharibifu wa Yuda unahesabiwa kuwa malipo ya dhambi zake. Kwenye 2 Mambo ya Nyakati 33 anachukuliwa mateka hadi Babeli, anajinyenyekeza, anaomba, anarudishwa katika ufalme wake. Hebu jiweke katika nafasi ya mtu aliyerudi kutoka uhamishoni, anayeambiwa kwamba msiba wake umetokana na mfalme aliyekufa zamani. Kitabu kinamwonyesha kwamba hata yule aliyekwenda Babeli kwa minyororo alitubu na kurudi.

Walimu wa Kiyahudi waliokuja baadaye walikwenda mbali zaidi. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya marabi, kwenye sehemu iitwayo Shabbat, ukurasa 56a, rabi mmoja anasema atakayedai kwamba Daudi alitenda dhambi amekosea tu, na hoja inayotolewa ni ya kisheria: askari wa Daudi walikuwa wakiwaandikia wake zao talaka kabla ya kwenda vitani, hivyo Bathsheba hakuwa tena mke wa mtu. Ninachokipenda ni kwamba ukurasa huohuo hauachi utetezi upite hivihivi. Rabi Yehuda Hanasi naye anapomtetea Daudi, mwanafunzi wake Rav anatia neno: huyu ni wa ukoo wa Daudi, ndiyo maana anamtafutia Daudi nafuu.

Kwa Waislamu kuna jicho jingine kabisa, na wanaoishi mtaa mmoja na Wakristo, Mombasa au Tanga, wanajua mazungumzo haya yanavyoweza kupanda moto. Daud ni nabii aliyeteremshiwa Zaburi, na manabii wamehifadhiwa na madhambi makubwa. Katika Sura ya Swad, aya ya 21 hadi 26, wagombanao wawili wanaruka ukuta na kumwingilia mihirabuni, naye anashtuka. Mmoja anasema ndugu yake ana kondoo 99, yeye ana mmoja tu, na huyo mmoja anatakiwa. Daud anahukumu papo hapo: umedhulumiwa. Kisha anatambua kwamba amejaribiwa, anaomba msamaha, anaanguka kusujudu. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani yetu, husujudu katika aya hiyo ya 24 wanapoisoma nje ya swala, kwa kushukuru kwamba toba yake ilikubaliwa.

Lakini alitubu kwa kosa gani? Baadhi ya wafasiri wa mwanzo, akiwemo Tabari aliyefariki mwaka 923, walikinukuu kisa cha Uria. Ibn Kathir, aliyefariki 1373, alikikataa akisema sehemu kubwa imetoka kwenye Israiliyyat, yaani simulizi zilizopokewa kutoka kwa Wayahudi na Wakristo, na hakuna hadithi sahihi inayokithibitisha. Wanaokikataa wengi wao husema kosa lilikuwa katika hukumu: alisikia upande mmoja, akakata shauri. Aya ya 26 inawapa nguvu, kwani hapo Daud anaamrishwa ahukumu baina ya watu kwa haki.

Ukiwa na tafsiri hiyo kichwani, rudi kwenye 2 Samweli 12. Nabii Nathani anamsimulia Daudi habari za tajiri aliyekuwa na kondoo wengi, akamchukua kondoo mmoja wa jirani yake maskini akamchinjia mgeni. Daudi anawaka: mtu huyo anastahili kufa, na amlipe maskini mara nne. Nathani anamwambia mtu huyo ni yeye. Nyani haoni kundule, tunasema. Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Jones na Richard Nisbett, walieleza jambo lililo karibu na hilo: kosa la mwenzetu tunalihusisha na tabia yake, letu tunalihusisha na mazingira. Tafiti za baadaye zimeipunguza nguvu nadharia hiyo, ila kwa mambo mabaya imeonekana bado inasimama.

Wakristo husoma kisa cha Nathani kama habari ya uzinzi na mauaji, na ndivyo kilivyo. Lakini ukikisoma kwa jicho la wafasiri wale wa Kiislamu, unaona jambo ambalo mahubiri mengi hulipita: mfalme alitoa hukumu ya kifo kwa simulizi ya mtu mmoja, hakuuliza jina la mshtakiwa, hakumwita shahidi hata mmoja. Kama angeuliza jina la tajiri yule, mtego wa Nathani usingenasa kitu.