Seli kiwandani: ugumu hauko kwenye kuhamisha cherehani

Kupanga cherehani kwa umbo la U si kazi kubwa. Fundi umeme anahamisha nyaya, meza zinasogezwa, na kikundi kidogo cha maopareta kinaanza kushona shati zima, kola hadi pindo: hiyo ndiyo seli. Kwa hiyo nikiambiwa uzalishaji wa seli hauenei kwa sababu ya gharama za kuhamisha mashine, huwa nauliza kwanza: hapa kwenu mnalipanaje?

Viwanda vingi vya nguo huenda kwa bando. Mikono kadhaa ya shati inafungwa pamoja, opareta anapiga mshono wake mmoja, anasukuma mbele. Akilipwa kwa kipande, rundo linaloota mezani kwa jirani yake halimhusu. Kwenye seli malipo ni ya kikundi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Kampuni ya jinzi ya Levi Strauss iliyaona hayo Marekani kuanzia mwaka 1992, ilipoacha malipo ya kipande na kuunda timu. Wenye mikono mepesi waliona kipato kinapungua, wa polepole na wagonjwa wakanuniwa na wenzao, na gharama zilizokusudiwa kushuka hazikushuka.

Halafu kuna mhasibu. Mashine ya matundu ya vifungo humaliza tundu moja kwa sekunde chache tu. Ukiipa kila seli ya kwake, muda mwingi itakaa bure, na ripoti inayohesabu saa za mashine kufanya kazi itaandika hasara. Ripoti hiyohiyo haina safu ya nguo zilizoshonwa nusu ambazo zimelala sakafuni wiki nzima, pesa ya kitambaa ikiwa imefungwa humo. John Burbidge, mtaalamu wa upangaji wa uzalishaji viwandani, alikuwa akiyapigia kelele haya Uingereza tangu miaka ya 1960!

Vipo pia vikwazo vya kweli kabisa. Ufuaji wa jinzi hufanywa kwa mashine kubwa, kwa mkupuo. Huwezi kuugawa kwa seli. Na mtu mmoja asipofika kazini, seli ndogo inayumba kuliko laini ndefu, labda kama wenzake wanajua mishono mitatu minne kila mmoja.

Mimi ningeanza na seli moja, kwenye oda ndefu ya mtindo mmoja, huku kila opareta akihakikishiwa kwa maandishi kwamba hatapata chini ya wastani wake wa zamani mpaka timu izoeane. Mwenye kiwanda akikataa kusaini hilo, cherehani zibaki zilipo.