Vijidudu vya hewani ndani ya maabara ya skuli

Liache koti jeupe la maabara kabatini wiki mbili za masika hapa Unguja, kisha ulitoe. Lina madoa ya kijivu na linanuka uvundo. Koga hiyo haikupakwa na mtu. Ilikuja na hewa. Vijidudu vya hewani ndivyo hivyo: bakteria, pamoja na kuvu na spora zake, yaani mbegu ndogo mno zinazoelea tunamovuta pumzi.

Bakteria haelei sana peke yake. Hupanda chembe ya vumbi, tone la mate au gamba la ngozi, na sisi binadamu tunapukutisha magamba ya ngozi mchana kutwa. Kwa hiyo darasa zima likiingia maabara, likaburura viti na kufungua mikoba, bakteria hewani huongezeka, wengi wao wakiwa wa ngozini kwetu wenyewe. Kuvu ni habari nyengine. Asili yake hasa ni nje, kwenye udongo na majani yaliyooza, ila ikipata ukuta uliolowa au kiyoyozi kisichosafishwa huzaliana humo humo ndani. Kufunga madirisha na kuwasha kiyoyozi kichafu, kwa maoni yangu, ni kujifungia na mgeni mbaya.

Kuvipima si kazi ngumu. Sahani ya petri, yaani kisahani cha duara chenye kifuniko, hutiwa chakula cha vijidudu na kuachwa wazi saa 1, mita 1 kutoka sakafuni na mita 1 kutoka ukutani. Chakula hicho hugandishwa kwa agari, itokayo kwenye mwani mwekundu. (Si huu mwani wa spinosum unaolimwa Paje, huo hutoa karajini, gundi ya aina nyengine.) Sahani ya bakteria huatamishwa kwenye nyuzi 37 kwa siku moja au mbili, ya kuvu kwenye nyuzi 25 hivi kwa siku kadhaa. Kisha yanahesabiwa madoa yaliyoota, yaitwayo koloni. Koloni moja haina maana ya kijidudu kimoja: huenda kilianguka kishada kizima.

Mwaka 1928 jijini London, kuvu ya namna hii iliangukia sahani ya bakteria ya mtafiti Alexander Fleming, na bakteria waliokuwa jirani nayo wakafa. Penisilini, dawa ya kuua bakteria, ilianzia hapo. Maabara nyengine sahani ile ingeandikwa "imeharibika" ikatupwa.

Kasoro ya sahani iliyo wazi ni kwamba inanasa vile vizito vinavyoanguka upesi. Spora za baadhi ya kuvu wa jamii ya Aspergillus zina upana wa mikromita 2 hadi 3 tu (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Hubaki zikielea, na ndizo zinazoweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Kuzipata hizo kunahitaji pampu inayovuta hewa ya ujazo unaojulikana, ili hesabu itolewe kwa kila mita ya ujazo.