Fes: uliza lango kabla ya kuuliza chumba

Picha za nyumba za wageni huingia kwenye simu yangu kila wiki, na zote zinafanana: ua wa vigae vya rangi, chemchemi katikati, maua ya waridi yanaelea majini. Chini yake swali: "Kaka, hii ya Fes inafaa?" Picha siijadili. Narudisha swali: teksi itakushusha lango gani?

Napanga safari za Moroko kwa wateja wa Dar, Mombasa na Nairobi, na Fes ndiyo inayonipa kazi kuliko Marrakech. Mji mkongwe, Fes el-Bali, uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981, na ndani yake gari haliingii. Mizigo hubebwa na punda, nyumbu na mikokoteni, na anayekuja nyuma yako na mzigo hupiga kelele "Balak!" Hiyo ndiyo simile yao, kwa hiyo bana ukutani. Mtu wa Lamu hatashangaa punda, atashangaa mlima. Fes imekaa kama bakuli. Ukiingia Bab Bou Jeloud, lile lango la buluu kwa nje na kijani kwa ndani (wengi hudhani ni la kale sana, kumbe ni la 1913), unateremka njia ya Talaa Kebira mpaka karibu na Qarawiyyin, msikiti mkuu wa mji mkongwe. Kuteremka ni raha. Jioni itabidi uipande.

Nilijifunza kwa aibu. Nilimweka mama mmoja wa Tanga, mtu mzima mwenye magoti mabovu, kwenye nyumba iliyojitangaza kuwa "dakika tano kutoka langoni". Kumbe dakika hizo zilikuwa za kijana asiye na begi. Na chumba chenyewe kiko ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, kila kidato kinakaribia goti. Mama alifika juu, akaketi kitandani bila kuvua mtandio, akapumua, ndipo akasema: "Mwanangu, umenileta hotelini au umenipandisha mnazi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nawaandikia wenye nyumba hivi: kutoka teksi inaposimama hadi mlangoni kwenu ni mwendo gani, ni kupanda au kushuka, na je, mna chumba cha chini? Anayejibu "karibu sana" tu, namwacha.

Kwa wazee na wenye watoto natafuta pembeni mwa uwanja wa Batha, au karibu na maegesho ya Ain Azliten. R'cif nayo gari hufika, na iko chini kabisa, jirani na masoko. Kadiri unavyosogea katikati ndivyo unavyopata nyumba nzuri zaidi, na ndivyo unavyopotea. Ramani ya simu humo vichochoroni huchanganyikiwa, na vijana watakuambia njia imefungwa ili wakuongoze kwa malipo.

Sasa majina. Dar ni ile ile ya Dar es Salaam: makazi, nyumba yenye ua wa sakafu. Riad ina uhusiano na neno letu raudha, kwa hiyo kwa haki yake inapaswa kuwa na bustani ndani, miti na maji. Siku hizi kila gesti yenye ndoo mbili za maua inajiita riad. Mimi sijali jina. Najali madirisha, kwa sababu vyumba vingi hutazama uani, si barabarani. Wageni wakikaa kwenye ua kunywa chai hadi usiku wa manane, unawasikia kama wako miguuni pako. Omba chumba cha juu kama unapenda usingizi, cha chini kama unapenda magoti yako.

Baridi ndiyo watu wetu hawaamini. Mashabiki waliofuata Taifa Stars dhidi ya Nigeria pale Fes, Desemba 2025, walienda katikati ya majira ya baridi. Nyumba hizi zilijengwa kupambana na joto: kuta nene, dari ndefu, ua ulio wazi juu. Januari ubaridi hukaa humo humo. Uliza kama chumbani kuna kipasha joto, na kama ua umefunikwa kwa kioo.

Harufu pia. Karibu na Chouara, wanakolainisha ngozi za wanyama kwa kinyesi cha njiwa, mandhari ya juu ya paa ni ya ajabu, ila Julai utalifunga dirisha.

Mji mpya waliojenga Wafaransa hauna vigae vya kupigia picha, lakini una lifti, na kituo cha treni kiko huko. Kwa usiku mmoja wa kupita nautetea bila haya.

Teksi ndogo nyekundu hubeba abiria watatu tu, kwa hiyo familia ya watano itagawanyika. Na ukifika usiku, mpigie mwenye nyumba ukiwa bado umeketi ndani ya teksi, amtume mtu langoni, ndipo ushushe mabegi.